Gia ya kupandia ndiyo ya kuteremkia

SAFU YA ALHAMISI
Na Ezekia Sanga

Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam hufika mlima wa Kitonga yakiwa upande wa kuteremka, na shehena yote iko mgongoni. Hapo juu, kabla ya kona ya kwanza, dereva ana uamuzi mmoja mzito kuliko mwingine wowote atakaoufanya siku hiyo: ateremke na gia ipi? Akichagua vizuri, atafika Mahenge, chini ya mlima, breki zake zikiwa bado zinashika. Akichagua vibaya, lolote atakalolifanya baada ya hapo litakuwa limechelewa.

Ajali ikitokea kwenye mteremko, iwe Kitonga, Sekenke kule Singida, Iwambi mkoani Mbeya au Salgaa kwa majirani zetu wa Kenya, taarifa ya kwanza huwa ni ile ile: breki zilifeli. Tunasoma, tunasikitika, tunafungua ukurasa mwingine. Naomba tuzoee kuuliza swali linalotangulia: gari lilikuwa kwenye gia namba ngapi? Yapo magari mabovu yanayoingia barabarani na breki zilizokwisha, na wenye kuyaruhusu wanajulikana. Lakini hata breki nzima hufeli, na chanzo chake huwa ni uamuzi uliofanyika kilomita kadhaa nyuma, mkono ukiwa kwenye gia na mguu kwenye klachi.

Hesabu yake iko wazi. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56. Lori la uzito huo likishuka kimo cha mita 100, linatoa nishati inayotosha kuchemsha lita 170 za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali: ama iongeze kasi ya lori, ama igeuke joto. Dereva anayetegemea breki peke yake ameamua kwamba joto lote liishie kwenye magurudumu. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kusogea mbali na brekishuu, na lainingi ikizidiwa na joto huanza kuteleza badala ya kushika. Kwenye magari madogo yenye breki za mafuta kuna hatari nyingine. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili hadi nyuzijoto 205 bila kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedeli inazama mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari yake.

Injini ndiyo inayoweza kuzipunguzia breki mzigo huo. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inakinza. Pistoni zinavuta na kusukuma hewa, vyuma vinasuguana, na joto linalopatikana linatoka kupitia ekzosi na rejeta. Malori makubwa yameongezewa ekzosi breki, inayobana njia ya moshi ili ukinzani huo uzidi. Ukubwa wa nguvu hiyo unategemea gia. Kwenye gari dogo la kawaida, gia namba moja huizungusha injini takriban mara tatu na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, wakati namba nne huizungusha takriban mara moja tu. Ndiyo sababu madereva wakongwe walirithishana kanuni isiyohitaji kipimo: gia unayopandia mlima ndiyo unayoteremkia. Kwa injini za sasa zenye nguvu nyingi, ningeichukulia kanuni hiyo kuwa mwisho wa ruhusa. Mlima ulioupanda na namba nne bila shida, ushuke na namba tatu.

Kwa nini gia ichaguliwe juu, wala si katikati? Ili gia ndogo iingie, mzunguko wa vyuma vya ndani ya giaboksi lazima ulingane na mwendo wa magurudumu. Kwa kasi ya kawaida kazi hiyo hufanywa na sinkronaiza, ringi za shaba zinazosuguana na gia mpaka mizunguko ilingane ndipo meno yakutane. Kasi ikiwa kubwa ringi hizo zinazidiwa, na kwenye baadhi ya giaboksi za malori hazipo kabisa. Mfikirie basi dereva aliyeanza kushuka na gia kubwa, kisha akaona lori linamzidi. Anakanyaga klachi, anatoa gia kubwa, anasukuma ndogo. Inakwaruza na kugoma. Anataka kuirudisha ile kubwa, nayo inagoma. Sasa yuko fri, na breki zimeshaanza kunuka. Alitaka kupunguza mwendo, akajikuta amelitenga lori na injini, yaani na breki pekee iliyokuwa imebaki na uwezo.

Huyo angalau alikusudia mema. Wapo wanaotia fri kwa hiari, wakiamini wanaokoa dizeli. Imani hiyo haina msingi kwenye injini za sasa. Ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia mteremkoni, mfumo unakata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu yanatosha kuifanya injini iendelee kuzunguka. Ukitia fri, injini imeachwa ijitegemee, na lazima ipewe mafuta isizime. Kwa maneno mengine, anayeteremka na gia hachomi kitu, na anayeteremka fri anachoma. Hili linawahusu sana matajiri wenye malori. Tajiri anayempimia dereva dizeli kwa kubana, kisha akamwacha achukue itakayobaki, anamlipa ili aucheze mteremko. Akae naye, amweleze ukweli huu wa mafuta, na abadilishe namna ya kumtuza.

Msomaji mwenye gari dogo asidhani haya ni ya madereva wa malori ya Tunduma tu. Kukanyaga klachi ni sawa na kutia fri kwa muda wote ambao mguu uko chini. Angalia mazoea ya wengi wetu: tukiona taa nyekundu mbele au ng'ombe wakivuka, mguu wa kushoto unawahi klachi na wa kulia unafuata breki. Tumeitenga injini wakati ule ule tulipoihitaji. Utaratibu ulio salama ni breki kwanza, klachi baadaye, pale gari linapokaribia kuanza kutetemeka. Dereva anayeushuka mlima wa Soni kwenda Mombo, akikanyaga klachi kila kona kwa hofu ya kuzima gari, hana tofauti na yule wa lori aliyetia fri.

Hofu hiyo ya kuzima gari ndiyo inayonifanya niwalaumu walimu wa udereva kuliko wanafunzi. Mwanafunzi anaambiwa achia klachi taratibu, haambiwi kwa nini. Aelezwe kwamba gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, flaiwili inazunguka takriban mara 800 kwa dakika, wakati magurudumu yako sifuri. Klachi pleti imewekwa katikati ili ikubali kuteleza kidogo mpaka pande hizo mbili zipatane. Kuteleza huko ni msuguano, na msuguano ni joto, kwa hiyo kuwe kufupi. Zoezi la kwanza kabisa liwe kwenye sehemu tambarare, bila kugusa mafuta: achia klachi polepole mpaka gari lianze kujisogeza lenyewe, kanyaga tena, rudia. Mguu ukishapajua mahali klachi inapokamata, woga unaondoka, na mwanafunzi anapata nafasi ya kujifunza mambo mengine.

Akitoka hapo apelekwe mlimani. Hendibreki ishike gari, klachi iachiwe mpaka ikamate na pua ya gari iinuke kidogo, mafuta yaongezwe kiasi, kisha hendibreki ishushwe. Hendibreki ndiyo yenye kazi ya kulizuia gari lisirudi nyuma. Anayekaa kwenye foleni ya mlimani huku amelibalansi gari kwa klachi na mafuta anaiunguza pleti kwa dakika chache, na harufu yake anaisikia hata aliye gari la nyuma. Klachi inayotunzwa inaweza kuvuka kilomita 100,000. Ikiungua, fundi lazima ashushe giaboksi, na kila anayeendesha daladala au Fuso kwa hesabu ya siku anajua maana ya gari kulala gereji. Vivyo hivyo kwa mguu unaopumzishwa juu ya pedeli wakati wa safari: rilisi beringi inasagika bure, na pleti inaanza kuteleza.

Somo la tatu, linalorukwa zaidi, ni kupangua gia. Gari likiwa namba nne na injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, ukipangua kwenda namba tatu kwa mwendo ule ule injini itatakiwa izunguke takriban mara 2,700. Ukiachia klachi ghafla kabla injini haijapanda, magurudumu ndiyo yatakayoiburuta. Gari litashtuka, na kwenye matope au lami yenye mvua magurudumu yanayosukumwa na injini yanaweza kuteleza. Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo klachi ikiwa chini, injini ipande, kisha kuachia. Ni jambo la sekunde moja, na linamtofautisha dereva na mshika usukani.

Wazee wetu walilijua hili kwa kulazimika. Sinkronaiza iliingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928, lakini haikufika kila mahali haraka. Land Rover nyingi zilizozunguka vijiji vya nchi hii zikibeba madaktari, mabwana shamba na wakuu wa wilaya hazikuwa nayo kwenye gia namba moja na mbili. Ilipokuja Series III mwaka 1971 ndipo gia zote za mbele zikaipata. Dereva wa zile za awali alikanyaga klachi akatoa gia, akaiachia klachi, akagusa mafuta, akakanyaga tena ndipo aingize. Bila hivyo, gia ililia na haikuingia. Chuma kilimfundisha adabu. Magari ya sasa yanasamehe makosa mengi kwenye tambarare, kwa hiyo adabu hiyo sasa inapaswa kutoka kwa mwalimu na msimamizi wa mtihani.

Najua jibu nitakalopewa: magari ya gia yanaondoka, watu wananunua otomatiki kutoka Japani. Ni kweli kwa magari ya nyumbani. Lakini Coaster, Hiace za abiria, Fuso za mazao, mabasi mengi ya mikoani na malori bado ni ya gia, na hayo ndiyo yanayobeba wengi. Uingereza, anayefanya mtihani kwa gari dogo la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki tu, kwa kutambua kwamba gari la gia linahitaji ujuzi wake. Tena otomatiki nyingi nazo zina L na 2 kwenye leva zake, zilizowekwa kwa ajili ya miteremko hii hii. Wangapi wamewahi kuzitumia? Anayeteremka Sekenke akiwa kwenye D mwanzo mwisho, huku amekanyaga breki, anapika breki kama mwenzake wa gia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza ni la Polisi wa Usalama Barabarani, ambao ndio wanaowapima madereva kabla TRA haijatoa leseni. Mtihani uwe na mteremko. Mwombaji asimamishwe juu, achague gia, aeleze kwa nini, kisha ashuke bila kuegemea breki. Dar es Salaam ni mji wa pwani, na mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo yake bila kuuona mteremko wa maana. Basi anayetaka leseni ya basi au lori apelekwe ilipo milima, na lori liwe na mzigo. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wanaweza kuliongoza hili.

La pili ni la TANROADS. Kibao cha mteremko mkali kimsaidie dereva kuamua. Kiwekwe kabla mteremko haujaanza, penye nafasi ya kusimama, na kiandikwe kwa herufi kubwa: chagua gia hapa.

La tatu ni letu abiria. Basi likiteremka na gia, injini hunguruma kwa kukaza na mwendo hutulia. Likiteremka fri, injini hunyamaza huku upepo wa madirishani ukizidi. Tofauti hiyo mtu anaisikia hata akiwa kiti cha nyuma. Ukisikia basi liko fri, mwambie kondakta, mwambie dereva, na mambo yasipowekwa sawa piga simu polisi. Una haki hiyo kwa nauli uliyolipa na kwa watoto wanaokusubiri nyumbani.

Leseni ya kubeba watu ni dhamana. Anayeiomba huku hajui kuteremka mlima na gia arudi kwa mwalimu, afundishwe, apimwe tena, na asipewe mpaka aweze.