Kutoka Mlangoni Hadi Zizini

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu kumsalimia babu yake huko Othaya. Kijana huyu, kama wenzake wengi wa Nairobi, kichwa kimejaa sinema. Hata chai haijamiminwa, akauliza: "Guka, mnyama unampiga risasi akiwa umbali gani?"

Mzee akacheka. Kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, alikuwa akiwafuatia wageni nyayo za wanyama katika msitu wa Aberdare.

"Ni kutegemea umesimama wapi," akasema.

Alisema kweli, msomaji. Wanaowinda elk, yule kulungu mkubwa wa Marekani, wengi hupiga ndani ya yadi 300, na huko ni milimani penye uwazi. Theodore Roosevelt, Rais wa zamani wa nchi hiyo, alipowinda Kenya mwaka 1909 aliwapiga swara wa mbugani kwa zaidi ya yadi 200. Lakini alipomwangusha tembo katika msitu wa Mlima Kenya, tembo wa pili alitokea vichakani, bunduki yake haina risasi, akampita karibu amguse kwa mkonga. Mwenzake, Cuninghame, ndiye aliyemfyatulia.

Aberdare ina yote mawili. Juu kwenye uwanda wa nyasi, waliko pofu, macho yanafika mbali. Shuka kwenye mianzi, na hatua 20 ni safari.

"Mgeni wetu mmoja hakuwa na subira," mzee akaendelea. "Alimwona nyati ukingoni mwa msitu. Nikamwambia, bwana, tusogee. Akapiga kutoka hatua mia mbili na zaidi. Risasi ikaingia tumboni, nyati akaingia mianzini."

Nyati aliyejeruhiwa haachwi, maana atakayekutana naye kesho huenda ni mama anayeokota kuni. Kulipokucha wakamfuata, mzee na rafiki yake mbele, mgeni nyuma na bunduki.

"Tulimwona alipokuwa pale." Akaonyesha zizi la ng'ombe. "Mwenzangu ndiye aliyekuwa mbele. Tulimbeba kwa blanketi hadi barabarani, lakini alikuwa amekwisha."

Nimeolewa katika boma hili miaka mingi, na kisa hicho sijawahi kukisikia.

Kijana akainuka bila kusema neno, akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi zizini. Zilikuwa 11.