Kufutika au Kufutwa? Utata wa Istilahi za Kumbukumbu katika Mikrokontrola

Kauli ya kutendeka katika Kiswahili hubeba maana mbili. Husemwa kikombe kimevunjika, yaani kimo katika hali hiyo. Husemwa pia kazi hii inafanyika, yaani yawezekana kufanywa. Katika mazungumzo, muktadha huondoa utata. Katika istilahi za kiufundi, ambamo neno husimama peke yake jedwalini, utata hubaki, na anayeumia ni mwanafunzi.

Chukua istilahi "kumbukumbu inayofutika" inapotumiwa kutaja EPROM, EEPROM na flashi za mikrokontrola. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huelekea kudhani kuwa ni kumbukumbu ipoteayo umeme ukatikapo. Kumbe sivyo. Zote tatu huhifadhi kilichoandikwa hata pasipo umeme, kwa kuwa elektroni hunaswa katika lango lililozungukwa na kihami pande zote. Ipoteayo ni RAM.

Aidha, istilahi hiyo huzichanganya aina zenyewe. EPROM, iliyobuniwa na Dov Frohman wa kampuni ya Intel mwaka 1971, hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno unaopenya kidirisha cha kwatzi kilicho juu ya chipu. Kazi hiyo huchukua dakika 20 hivi, na yaliyomo yote hufutika kwa pamoja. Baadaye chipu za namna hiyo ziliuzwa pia ndani ya plastiki isiyo na kidirisha, ili kupunguza gharama, zikawa za kuandikwa mara moja tu. Hapo "inayofutika" inashindwa kabisa: kimaumbile yafutika, lakini mwanga hauna pa kupitia.

EEPROM hufutwa kwa umeme, baiti mojamoja, bila chipu kung'olewa mahali pake. Flashi, iliyotangazwa na Fujio Masuoka wa Toshiba mwaka 1984, nayo hufutwa kwa umeme, ila kwa ukurasa au eneo zima. Mwenzake ndiye aliyependekeza jina hilo, kwa kuwa ufutaji huo wa ghafla ulimkumbusha mmweko wa kamera.

Tofauti hii si ya majina matupu. Mikrokontrola ATmega328P ina zote mbili: flashi ya KB 32 kwa ajili ya programu, na EEPROM ya KB 1 kwa ajili ya data. Mtengenezaji huidhamini flashi kwa mizunguko 10,000 ya kufuta na kuandika, na EEPROM kwa mizunguko 100,000. Mwanafunzi akihifadhi kipimo cha joto kila sekunde katika baiti ileile ya EEPROM, atakifikia kikomo hicho kwa saa 28 hivi. Akirudia vivyo hivyo katika ukurasa mmoja wa flashi, hazitafika hata saa tatu. Istilahi moja kwa vitu viwili vya namna hii ni mtego.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya mkopo yanatosha. Kwa flashi hoja hiyo ina uzito, ingawa sokoni neno hilo tayari limekwisha kuwa jina la kile kifaa kidogo cha kubebea mafaili. Kwa EPROM na EEPROM haina uzito wowote: herufi moja iliyozidi haimwelezi msomaji wa Kiswahili chochote.

Lililo bora ni kuiacha kauli ya kutendeka na kushika ya kutendwa, kisha kutaja njia na kipimo cha ufutaji: kumbukumbu ya kufutwa kwa mwanga, kumbukumbu ya kufutwa kwa umeme baiti kwa baiti, kumbukumbu ya kufutwa kwa umeme kwa mkupuo. Ni ndefu, bila shaka, na mafundi watazifupisha wapendavyo. Kitabu cha kiada hakina haraka hiyo.

Kitenzi "kufuta" chenyewe kitahitaji maelezo darasani. Ubao uliofutwa hubaki mtupu, ilhali flashi ya ATmega328P iliyofutwa husomeka moja tupu katika kila biti, na kuandika ndiko kunakoweka sifuri.