Mcheza Kwao Atatunzwa Lini?

Kila msimu mpya wa Ligi Kuu ya Kenya unapobisha hodi, mashabiki huulizana ni nani atakayetwaa kombe. Kwa walimu na wanafunzi wa Njoro, wanaoshuhudia vipaji vikichipuka katika viwanja vya shule, lipo swali zito zaidi: ni nani atakayewalipa wachezaji?

Nakuru si mgeni katika ligi hii. Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza mwaka 1963, wakatawazwa tena mwaka 1969. Hata hivyo, jina hilo liliporejea ligi kuu mwaka 2015, halikudumu. Timu ilishushwa daraja msimu huohuo. Kwa upande mwingine, Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyofanya Nakuru maskani yake, ilinyakua ubingwa mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010. Nayo Kenya Police ilitawazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Siri ya ufanisi huo si miguu pekee. Mwanajeshi asakataye gozi ana kazi hata goti lake likiharibika.

Huenda msomaji akatukumbusha kwamba Gor Mahia, klabu ya wananchi, ilikuwa imetwaa ligi mara 21 kufikia mwaka 2024. Ni kweli. Lakini klabu hiyo pamoja na mahasimu wao AFC Leopards zilizuiwa na FIFA kusajili wachezaji kati ya mwaka 2021 na 2022 kwa sababu ya madeni. Shangwe za mashabiki hazilipi kodi ya nyumba.

Kwa hivyo, Shirikisho la Kandanda la Kenya halina budi kuitaka kila klabu ionyeshe, kabla ya kipenga cha kwanza, itakapotoa mishahara ya msimu mzima. Nanyi walimu, mwanafunzi wenu akiitwa na klabu, usomeni mkataba pamoja na mzazi wake. Asiruhusiwe kuuacha mtihani wake wa mwisho kwa sababu ya ahadi ya mdomo.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ligi ambayo wachezaji wake hurudi nyumbani mikono mitupu haistahili kuwavuta vijana wetu kutoka darasani, hata kombe ling'are namna gani.