Kompyuta ya zamani bado ina kazi dukani

KOMPYUTA ya duka la pembejeo inapochukua dakika 10 kuwaka, mwenye duka huambiwa imezeeka, anunue nyingine. Ushauri huo umepata nguvu tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mtumba hazina.

Kabla fedha za mbegu na mbolea hazijaishia kwenye kompyuta, ipo njia nyingine. Linux hupatikana bure, na ndani yake programu inayopanga madirisha kwenye kioo inaweza kubadilishwa peke yake. Mazingira makubwa kama GNOME yana madoido mengi yanayokula kumbukumbu. IceWM, iliyoanza mwaka 1997, haina madoido hayo: ni mstari mmoja chini ya kioo, kitufe cha menyu na saa. Aliyezoea Windows za zamani hapotei, na kumbukumbu inayookolewa inabaki kwa kazi yenyewe.

Kwa anayeandika mizani ya korosho, madeni na mauzo kwenye majedwali ya LibreOffice, hiyo inatosha kabisa. Wala Kiswahili si kigeni huko. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004.

Hata hivyo, wanaoisifia Linux husahau kusema jambo moja. IceWM haipunguzi uzito wa kurasa za intaneti. Mtumiaji akifungua kurasa 10 kwa pamoja, mashine yenye gigabaiti 1 itakwama vilevile. Aidha, zipo programu za uhasibu na za risiti zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Duka linalozitegemea lisikubali mabadiliko kwa maneno matupu ya fundi.

Bahati nzuri, antiX, Linux inayokuja na IceWM tayari, huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Faili la madeni linakiliwe kwanza mahali pengine. Kisha fundi aiwashe mbele ya mwenye duka, printa ikiwa imechomekwa, afungue faili hilo na kuchapa ukurasa mmoja. Ukitoka, ndipo wazungumzie malipo.