Kuchora Anga la Usiku: Somo Tulilolipata Kericho

 

Wiki hii hatutazungumzia mirathi wala haki za jirani. Tutazungumzia rangi za maji. Twajua wako watakaotabasamu, na wako watakaokunja uso wakiuliza: sheikh na brashi, wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwani katika habari hii mna deni letu ambalo tumechelewa miaka mingi kulilipa.

Likizo ya Disemba tulikwenda kumzuru binti ya ndugu yetu, aliyeolewa bara. Yeye na mumewe wana duka la vitambaa katika soko dogo, kwenye barabara itokayo Kericho na kupita Litein kuelekea Bomet. Tulipanda gari moshi hadi Nairobi, kisha basi likatupitisha Nakuru na Mau Summit, na kutoka hapo macho yetu yakawa hayaoni ila chai, vilima kwa vilima, imekatwa sawasawa kama zulia. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mvua hunyesha huko alasiri. Hiyo ndiyo sababu ya michai kustawi tangu kampuni za Wazungu zilipoanza kupanda mashamba makubwa katika miaka ya 1920. Na hiyo ndiyo sababu sisi watu wa Pwani tulikaa siku kumi na sweta juu ya kanzu.

Tulipopiga hodi na kuingia, mjukuu wetu wa miaka tisa aliinuka upesi mno. Alitupa mkono, akaubusu wetu kwa adabu, kisha akarudi kuketi juu ya mto ule ule. Kipembe cha karatasi chenye rangi ya nili kilikuwa kimechomoza chini yake. Mamake alikiona, nasi tulikiona. Hakuna aliyesema neno hadi tulipomaliza swala ya Magharibi.

"Ami," akasema mamake kwa sauti ndogo, "usimkasirikie mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia afiche. Nilimwambia Babu ni sheikh, asije akaiona."

Hapo tukakumbuka. Binti huyu alipokuwa na miaka kumi alikuwa mwanafunzi wetu katika madrasa. Siku moja tulifungua daftari lake la kunakilia sura, tukakuta ukurasa wa mwisho amechora bahari usiku, jahazi, mwezi na nyota. Tuliupasua ukurasa ule mbele ya wenzake na kumtisha kwa adhabu ya wenye kutengeneza picha. Hakulia. Aliviokota vipande akaviweka mfukoni. Tokea siku ile, alituambia jioni ile huko Kericho, hakushika penseli ya kuchorea kwa miaka ishirini.

Ndugu wasomaji, katika daftari lile hamkuwa na mtu wala mnyama. Tulimkemea kwa jambo ambalo sisi wenyewe tulilisoma kinyume chake. Imepokelewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kumuuliza. Ibn Abbas alimpa onyo kali alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), na alipomwona amefadhaika, akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, wamejengea hapo ruhusa ya kuchora milima, mito, miti na anga. Wazee wetu wa Pwani walilijua hili. Tazameni milango ya kale ya Lamu na Mombasa, ilivyochongwa maua na minyororo. Tazameni misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, ilivyopambwa kwa wekundu, umanjano na weusi. Mkono uliopamba msahafu ule ulikuwa mkono wa Muislamu mwenye elimu.

Tulimuuliza binti yetu nini kilichomrudisha. Akasema ni giza. Walipohamia huko kutoka Mombasa, mtoto alikuwa amezoea taa za barabarani. Na huku bara, mvua ikija na radi, umeme hupotea. Mtoto akawa halali. Mamake akamfunika blanketi, akamtoa nje mawingu yalipopasuka, akamwonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walikitazamia kujua majira ya mvua na ya kulima. Mtoto akauliza, "Mama, giza hili lina rangi gani?" Mama hakuwa na jibu, na kesho yake akanunua kijisanduku cha rangi.

Usiku ule nasi tulitoka. Ilikuwa yapata saa tatu, mvua imekwisha, hewa imeoshwa. Kilimia kilikuwa juu karibu na utosi, na upande wa kusini mashariki, juu ya vilima vya chai, Suheli ilikuwa imeanza kupanda, nyota waliyoifuata manahodha wetu. Tulitazama kwa makini, na kweli lile giza halikuwa jeusi. Juu lilikuwa nili, chini yake buluu, na karibu na vilima kulikuwa na weupe hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji. Mwenyezi Mungu ametutaka katika Sura ya 67 tuirudie mbingu kwa macho mara ya pili tuone kama ina kasoro. Sisi tulikuwa tukiisoma aya ile kwa tajwidi nzuri na tusitazame juu.

Asubuhi tulimwomba mjukuu wetu atufundishe. Haya ndiyo aliyotufundisha, nasi tunayaandika kwa ajili ya kila nyumba inayotaka kujaribu.

Tafuteni karatasi nene iliyotengenezwa kwa rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita mraba ikipatikana. Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa. Ibandikeni juu ya ubao pande zote nne kwa utepe wa gundi wa karatasi. Rangi tatu zatosha: buluu, nili, na kahawia iliyoiva, kwani buluu na kahawia zikichanganywa hutoa weusi mzuri kuliko weusi wa kununua. Wekeni brashi moja pana na moja nyembamba, vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja kibaki safi, na kitambaa kikuukuu. Asiye na rangi bado asingoje. Achukue kikombe cha chai ya rangi iliyokolea sana, isiyo na sukari wala maziwa, ajizoeze nayo jinsi maji yanavyobeba rangi. Huko Kericho tulianza hivyo, na mjukuu wetu alicheka kutuona tukipaka kiamsha kinywa karatasini.

Kwanza ni mwezi. Katika rangi za maji, mwanga haupakwi, bali huachwa. Weupe wa mwezi ni weupe wa karatasi yenyewe. Sugueni mahali pa mwezi kwa ncha ya mshumaa mweupe, na nta itayakataa maji. Mkitaka kuchora hilali, msiige picha za kadi. Sisi tulio karibu na ikweta tunauona mwezi mwandamo umelala kama dau, pembe zikielekea juu. Na msitie nyota baina ya pembe zake, maana sehemu ile ni mwili wa mwezi wenyewe usioangazwa na jua, na hakuna nyota iwezayo kuonekana mbele yake. Sura ya Yasin imeufananisha mwezi unaporudi kuwa mwembamba na karara kuukuu la mtende. Basi mkunjo wake uwe mwembamba hivyo.

Pili, lowesheni anga lote kwa maji safi hadi karatasi ing'ae sawasawa, pasiwe na vidimbwi. Tieni buluu nyepesi chini, karibu na mahali patakapokuwa vilima, kisha buluu nzito katikati, kisha nili juu kabisa. Inueni ubao kidogo, muiache rangi iteremke na kuchanganyika yenyewe. Tieni rangi nzito kuliko mnavyodhani inatosha, kwani ikikauka hupauka. Hapa pana tofauti ya bara na Pwani. Huko Kericho unyevu huiweka karatasi ikilowa muda mrefu, na mchoraji ana nafasi ya kuwaza. Kwetu Mombasa joto na upepo huikausha upesi. Basi fungeni dirisha, zimeni feni, na loweni karatasi mara mbili kabla ya kuanza.

Tatu, ule mng'ao wa maji unapoanza kufifia, nyunyizeni chembe chache za chumvi. Kila chembe hufyonza maji na kuacha alama nyeupe kama nyota ya mbali. Mkiitia mapema itayeyuka, mkichelewa haitafanya kitu. Kisha ondokeni. Nendeni mkaswali, nendeni mkapike. Karatasi ikikauka kabisa, ipanguseni chumvi kwa mkono mkavu.

Ni hapa sisi tulipokosea. Tuliona upande mmoja umepauka, tukarudi na brashi yenye maji mengi kuurekebisha ilhali karatasi imeanza kukauka. Maji mapya yakaisukuma rangi, pakatokea doa kubwa lenye kingo za kukunjamana. Tulipotaka kulifuta, mtoto akatushika mkono. "Babu, usiiguse tena. Ukiigusa itaharibika zaidi. Iache ikauke, tutaifanya wingu." Tukaiacha, na ikawa wingu.

Nne ni nyota kubwa. Chukueni mswaki wa zamani, uchovyeni katika rangi nyeupe nzito, kisha mziparuze nywele zake kwa kidole gumba ili matone madogo yarukie karatasi. Funikeni sehemu ya chini kwa karatasi nyingine, maana nyota hazikai milimani. Nyota za Kilimia zitieni moja moja kwa ncha ya brashi nyembamba, sita au saba zilizosongamana.

Tano na mwisho ni vilima vya chai. Anzeni na cha mbali kwa rangi nyepesi, kikauke. Kifuate cha pili kizito zaidi, kikauke. Kisha cha karibu kwa weusi wa buluu na kahawia. Katika hicho cha karibu acheni mistari myembamba isiyopakwa, ndiyo vijia wanavyopita wachumaji chai. Bandueni utepe polepole, picha iwe imekauka kabisa. Kazi yote haizidi saa mbili, na nusu yake ni kungoja.

Jioni, mbele ya mtoto, tulimwomba binti yetu radhi kwa ule ukurasa. Tulitaka mtoto asikie, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya watoto. Binti yetu alinyamaza kidogo, akasema, "Nimekusamehe, Ami. Vile vipande nilikaa navyo mpaka nilipoolewa." Kisha akaenda jikoni kutengeneza chai. Hatukupata usingizi mapema usiku ule.

Wazazi wenzetu na walimu wenzetu wa madrasa, hatusemi kila picha ni halali. Mipaka ipo, na mtoto afundishwe mipaka hiyo kwa upole: asichore chenye roho, asipitwe na swala kwa ajili ya rangi, asiharibu mali. Tunalolisema ni kwamba mkimkuta mtoto na karatasi, mtazame kwanza ilicho nacho kabla ya kunyoosha mkono. Muulizeni amechora nini na kwa nini. Kupasua ni kazi ya dakika moja, na sisi tumeona inavyoweza kukaa mfukoni mwa mtu. Tena mtoto aliyezoea kutuficha karatasi atatuficha na mambo mengine makubwa zaidi, ambayo tungetamani sana atuambie.

Tumerudi Mombasa na picha mbili, ya mjukuu wetu na yetu. Yake tumeitundika barazani, na wageni huuliza nani fundi. Yetu, yenye lile wingu, tumeiweka ndani ya daftari la mahudhurio la madrasa, mahali tunapolazimika kuiona kila siku tunapoita majina. Alhamisi hii baada ya Alasiri, Insha Allah, tutaweka meza, maji na chumvi uani kwa wanafunzi watakaopenda. Wasio na rangi waje na chai.

Wabillahi tawfiq.