Mwenye homa ashuke kwenye baiskeli

Jumapili moja ya Januari mpwa wangu alinipigia simu kutoka Copenhagen, Denmark. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya.

"Mjomba, nina mafua na homa tangu juzi, na kifua kinabana kidogo. Leo ratiba inataka niendeshe baiskeli kwa saa tatu. Ninywe dawa gani ili niweze kumaliza?"

Ndugu msomaji, angalia swali lenyewe. Hakuniuliza kama afanye mazoezi au apumzike. Hilo kwake lilikuwa limekwisha kuamuliwa na karatasi aliyoibandika ukutani. Alichotaka kwangu ni dawa ya kuunyamazisha mwili ili karatasi itimizwe.

Mpwa wangu anajiandaa na triathloni ya masafa marefu, ile inayojulikana duniani kwa jina la Ironman. Mshiriki anaogelea kilomita 3.8, anatoka majini na kupanda baiskeli kwa kilomita 180, kisha anashuka na kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Yote hayo kwa siku moja. Mashindano haya yalianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walioanza walikuwa watu 15 tu, wakamaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12. Leo watu wa kawaida wenye kazi na familia hujiandikisha kwa maelfu, na wengine ni ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani.

Ya Copenhagen hufanyika Agosti. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maandalizi huangukia katika miezi ya baridi, na baridi ya kule si ile tunayoisema sisi tukiwa Mbeya au Njombe mwezi Julai. Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mtu anakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Baiskeli inafungwa kwenye mashine ndani ya chumba, magurudumu yanazunguka bila kwenda popote. Kuogelea ni kwenye bwawa la ndani. Kukimbia ni kwenye barabara zinazoweza kuwa na barafu.

Namheshimu mtu anayeweza kuishi hivyo miezi mitano kwa hiari yake. Hata hivyo, msimamo wangu ni huu: katika maandalizi ya aina hii, hatari kubwa kuliko baridi ni ratiba iliyogeuzwa kuwa bwana. Mwenye homa ashuke kwenye baiskeli. Siku hiyo hiyo, bila mjadala.

Sababu ya kwanza ni moyo. Virusi wanaoleta mafua na homa huwa hawaishii puani kila mara. Kwa watu wachache hufika kwenye misuli ya moyo na kuifanya ivimbe. Moyo wa namna hiyo ukilazimishwa kufanya kazi ngumu kwa saa tatu unaweza kuumia zaidi, au ukaanza kupiga ovyo, na mapigo hayo ya ovyo yanaweza kumwangusha mtu papo hapo. Uvimbe wa misuli ya moyo ni miongoni mwa sababu zinazofahamika za vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana. Jambo hili ni la nadra, na sitaki kumtisha mtu. Lakini pima mwenyewe: upande mmoja kuna siku tano za kupumzika, upande mwingine kuna ugonjwa ambao ukikupata, kwa kawaida madaktari hukuweka nje ya mazoezi mazito kwa miezi mitatu hadi sita. Hapo Agosti imeshaondoka.

Hapa nyumbani tunayo imani inayofanana na ya mpwa wangu. Mtu akishikwa na mafua anaambiwa, "Kakimbie kidogo utoe jasho, homa itatoka yenyewe." Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na nimewaona watu wakiifuata wakati wa kujiandaa na Kilimanjaro Marathon. Homa haitolewi kwa jasho la mazoezi. Homa ni joto ambalo mwili umelipandisha wenyewe kwa sababu unapigana. Ukiongeza juu yake joto la mazoezi, unaupa mwili vita ya pili kabla haujamaliza ya kwanza.

Na dawa je? Dawa ya kushusha homa inaweza kukufanya ujisikie vizuri kwa saa chache, lakini virusi bado wamo. Umezima kengele tu, moto unaendelea. Kwa hiyo asiyekuwa na homa kwa sababu amemeza vidonge asijihesabu kuwa amepona. Ama antibayotiki, ambazo wengi wetu hukimbilia dukani kuzinunua bila kuandikiwa, hazina kazi yoyote kwa virusi vya mafua.

Kipo kipimo rahisi ambacho kimekuwa kikitumiwa kwenye michezo kwa miaka mingi: angalia shingo. Kama dalili zote ziko juu ya shingo, yaani pua inatiririka na unapiga chafya tu, na huna homa, unaweza kufanya mazoezi mepesi na mafupi, ukiona yanakuzidi unaacha. Kama dalili zimeshuka chini ya shingo, yaani kifua kinabana, kikohozi ni kizito, viungo vinauma au tumbo limechafuka, pumzika. Ukiwa na homa, pumzika hata kama dalili nyingine zote ziko puani. Ukisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kuishiwa pumzi au kizunguzungu, hilo si la kusubiri, nenda kwa daktari. Mpwa wangu kifua kilikuwa kinabana, kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia ni kumpigia daktari wake, kisha ndipo tuzungumze habari za baiskeli.

"Lakini mjomba, nitapoteza kila nilichokijenga!" akasema.

Hofu hii ndiyo inayowaweka wagonjwa juu ya baiskeli, na inastahili kujibiwa vizuri. Kuanzia Januari hadi katikati ya Agosti kuna zaidi ya siku 200. Mtu akipumzika siku tano au saba, nguvu zake hazibomoki. Kushuka kunakoonekana kwenye vipimo vya pumzi huanza kujitokeza baada ya wiki mbili hivi za kutofanya lolote, na hata huko kunarudishika. Kinachobomoa msimu ni ile siku moja ya ubishi inayozaa wiki sita za kitandani.

Isitoshe, wengi hawaelewi kazi ya miezi ya baridi ni nini. Si miezi ya kupima ushujaa. Ni miezi ya kujenga msingi: moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli inajifunza kutumia mafuta ya mwili kama nishati, na kano na mifupa, ambavyo hubadilika polepole kuliko moyo, vinapata muda wa kuwa imara. Kazi hiyo hufanyika kwa mazoezi mepesi, yale ambayo ukiwa unayafanya unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mtaalamu wa fiziolojia Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi zake Norway kwa miaka mingi, alichunguza wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo ya kustahimili na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi ni vyepesi. Vile vigumu ni sehemu ndogo tu. Watu wa kawaida tunafanya kinyume chake: kila siku tunajikamua nusunusu, si polepole ya kujenga wala si kasi ya kufundisha.

Huko huko Norway kuna mfano ninaoupenda. Kristian Blummenfelt anatoka Bergen, mji unaojulikana kwa mvua zake. Alishinda dhahabu ya triathloni katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na Mei 2022 akashinda ubingwa wa dunia wa Ironman. Oktoba mwaka huo huo ubingwa ukachukuliwa na mwenzake Gustav Iden, naye wa Bergen. Timu yao inajulikana kwa jambo moja: wakiwa mazoezini hutobolewa tone dogo la damu kupima asidi inayotokana na kazi ya misuli. Wengi hudhani wanapima ili wajue kama wamejikamua vya kutosha. Kazi kubwa ya kipimo hicho ni kuwazuia wasizidishe. Mabingwa wa dunia wanatafuta namna ya kujizuia, na mtu wa ofisini anatafuta dawa ya kumwezesha kuendelea akiwa na homa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Yapo mambo mengine ya baridi ambayo ndugu zetu walioko huko inafaa wayajue. Hewa ya baridi ni kavu, na mtu anapohema kwa nguvu hukausha na kukera njia za hewa. Wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji masafa marefu hupata pumu kwa wingi kuliko watu wengine. Ukikohoa au kupiga mluzi kifuani kila baada ya kukimbia nje, usiseme ni kukosa mazoezi. Kapimwe. Siku za baridi kali, kitambaa mbele ya mdomo husaidia kuipasha hewa joto kabla haijafika kifuani.

Jingine ni vitamini D. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kuitengeneza, na katika miezi ya baridi jua la nchi za kaskazini ni dhaifu mno, hata ukitembea nje mchana kutwa hutapata ya kutosha. Mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wote watumie mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kuitumia mwaka mzima. Mikrogramu 10 ni kidogo, na inatosha. Kumeza dozi kubwa kubwa kwa kudhani zitaleta nguvu ni kujitafutia madhara.

La tatu ni chakula. Baadhi ya watu huchagua miezi hii kujipunguza uzito huku wakiongeza mazoezi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo juu ya hali hii ya mwanamichezo kula pungufu ya kazi anayoifanya: mifupa inadhoofika, kinga ya mwili inashuka, mwanamke anaweza kukosa siku zake, na mwanamume pia homoni zake hushuka. Anayeugua mafua kila baada ya wiki tatu aanze kwa kujiuliza anakula nini na analala saa ngapi.

Najua yapo majibu kwa hoja zangu. Wako watakaosema kwamba mashindano haya ni ya maumivu, na asiyezoea kuumia Januari hatavumilia Agosti. Kuna ukweli ndani yake. Kuamka alfajiri ya giza ukiwa mchovu wa kawaida, ukapanda baiskeli isiyokwenda popote, ni nidhamu, na bila nidhamu hiyo hakuna atakayefika mwisho wa kilomita 226. Nikimwona mpwa wangu anaacha mazoezi kwa sababu ya uvivu, nitakuwa wa kwanza kumsema. Lakini uchovu na ugonjwa ni vitu viwili. Mtu mzima anayeujua mwili wake huweza kuvitofautisha, na akishindwa, kipimajoto cha bei ndogo kitamsaidia.

Mpwa wangu hakufurahi siku ile. Alinyamaza kwa muda, nikasikia mashine ya baiskeli ikivutwa kando. Daktari wake alimsikiliza kifua, akampima moyo, akamwambia asifanye mazoezi mpaka homa iwe imekwisha yenyewe bila vidonge, kisha aanze na matembezi. Alikaa siku tisa. Siku ya kumi aliendesha baiskeli dakika 25 kwa mwendo wa kuzungumza, na ndivyo alivyozungumza nami, kwa simu, akihema kidogo na kulalamika sana.

Kwa sasa anaendelea vizuri. Agosti bado, na sijui atatumia saa ngapi. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba kwenye ile karatasi ya ukutani aandike juu kabisa kwa wino mwekundu: nikiwa na homa, sifanyi.

Na sisi tulioko nyumbani tunayo sehemu yetu. Tukimpigia ndugu yetu aliyeko kwenye baridi, swali letu la kwanza lisiwe amekimbia kilomita ngapi wiki hii. Tumuulize amelala vipi, amekula nini, na kifua kinaendeleaje.