Kihamba na Haki ya Mtoto wa Kati

Ndugu Waislamu, mila ya Uchaggani inajulikana: kifungua mimba wa kiume hupewa ardhi, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na kihamba chake. Wa kati huambiwa akajitafutie, na binti huambiwa kwake ni kwa mumewe. Hapa Marangu wapo Waislamu wanaofunga Ramadhani, kisha wakaifuata mila hii kana kwamba ni wahyi!

Dhulma hii haisubiri mauti ya baba. Huanza utotoni: mmoja hulipiwa ada, mwenzake hukata majani ya ng'ombe. Kisha tunashangaa ndugu wakishtakiana kwa mpaka wa migomba!

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bashir (R.A.) alimpa mwanawe Nuuman zawadi, akamwendea Mtume (S.A.W.) ili awe shahidi. Mtume akamuuliza iwapo amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kuishuhudia dhulma, na Bashir akairejesha zawadi ile.

Wapo wanaodai kuwa kihamba ni kidogo, hakigawanyiki. Tunawajibu: kisipogawanyika, thamani yake hugawanyika. Mirathi Allah (S.W.) amekwisha kuigawa katika Suratun Nisaa, binti amemtaja, wala hakumbagua mtoto wa kati.

Enyi wazazi! Mtume alimuuliza Bashir pia kama angependa wanawe wote wamtendee wema sawasawa. Swali hilo ni letu leo. Tunayetaka atuuguze uzeeni, tusimdhulumu utotoni.

Wabillahi tawfiiq.